Mkalimani wa Jumapili Mchana

Mama yangu ameingia katika majumba makubwa ya zamani kuliko mtu yeyote ninayemfahamu katika mtaa wetu wa Majengo, lakini jumba la sinema la mjini kwetu Songea, mwendo wa dakika kumi tu kutoka mlangoni pake, aligoma kuliingia kwa miezi mitatu mizima.

Hayo majumba mengine nilimpeleka mimi. Nilistaafu ualimu mwaka uleule aliofariki baba, tukajikuta wanawake wawili ndani ya nyumba, siku ni ndefu na chungu cha mboga ni kidogo. Nilikuwa nimefundisha historia maisha yangu yote, nikiwachorea watoto ubaoni maboma na makanisa ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyatia machoni. Nikasema sasa nitayaona. Tulianza na kanisa kubwa la misheni nje ya mji, ambalo mama alikuwa akiliona kwa mbali tu. Baadaye tukaenda Bagamoyo, tukaenda kuiona stesheni ya zamani ya reli Dar es Salaam, tukafika hadi Tabora. Mama si mtu wa kupiga picha. Huweka kiganja ukutani, kisha humuuliza anayetuongoza mambo ambayo hayamo katika maelezo yake. Maji ya kukandia chokaa hii yalitoka mto gani? Nani aliyabeba? Bagamoyo, mwongoza wageni alikuna kichwa akasema hajui. Mama akamwambia, "Basi kaulize, mwanangu. Gavana hakubeba ndoo."

Kwa hiyo tuliposikia kwamba jumba letu la sinema linafufuliwa, nilidhani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza mlangoni.

Jumba lenyewe lilikuwa limekufa siku nyingi. Mimi nililikumbuka likiwa hai: ukuta wa mbele umepandishwa kupita paa ili lionekane refu, na juu yake plasta imechorwa miale ya jua linalochomoza. Lilijengwa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Mashine ya kuonyeshea picha ilipoharibika na vipuri vikakosekana, mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama na familia yake. Jumba likawa ghala la mahindi, likawa ghala la mbolea, mwishowe likawa la popo. Sisi tuliokulia hapa tulipita mbele yake bila kulitazama, kama mtu anavyompita jamaa yake aliyelewa njiani.

Aliyelifufua ni mama mmoja msanifu wa majengo, mzaliwa wa hapahapa, aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, akarudi kumuuguza shangazi yake na hakuondoka tena. Aliwafuata wakubwa wa mji maofisini, wenye maduka madukani, maparoko na mashehe nyumbani kwao, mpaka wakachoka kumkatalia. Na kazi waliifanya mafundi wetu. Hili hulisema kila ninapopata nafasi. Wazee wawili wa mtaa wa Mfaranyaki waliojua kuchoma na kuloweka chokaa kwa njia ya zamani waliitwa kutoka nyumbani walikokuwa wamepumzika, wakafundisha waashi wa siku hizi ambao hawakujua kitu ila saruji. Maseremala wa Bombambili waliishusha dari ya mninga ubao kwa ubao, wakaipiga msasa, wakairudisha ubao kwa ubao. Viti vya chuma vyenye vikalio vya kukunja vilikuwa vimetawanyika mji mzima. Vinne vilikuwa kwa kinyozi. Safu nzima ilikuwa katika kilabu cha pombe ya komoni, mtaa wa Lizaboni, na siku wenye kilabu walipoamua kuirudisha, waliileta kwa mkokoteni huku wakipiga ngoma ya lizombe, watu wakatoka madukani kushangilia viti.

Mimi nilikuwa nashinda pale nikimsaidia msanifu kuandika maelezo ya picha za kutundika ukutani. Kila jioni nikirudi nilimsimulia mama. Alisikiliza kwa makini, akauliza habari za chokaa, akauliza kama ile ngazi ya mbao ya kwenda roshani ipo. Lakini nikisema, "Basi twende kesho ukaone," miguu ilianza kuuma. Siku nyingine ikawa baridi ya Juni inayoshuka kutoka milima ya Matogoro. Siku nyingine vumbi la msasa.

Nilishindwa kumwelewa, kwa sababu kwa wanawake wa Songea wa umri fulani, lile lilikuwa jumba la mama yangu.

Alizaliwa Nalasi, huko Tunduru. Alipokuwa msichana aliletwa Songea kuwa yaya katika nyumba ya yule mfanyabiashara. Alilea watoto wake wanne, na ndimo humo, jikoni na uani, alimookota Kihindi, neno moja leo, neno moja kesho. Alipoolewa na baba aliacha kazi. Jumba la sinema lilipofunguliwa, Jumapili mchana iliwekwa kuwa ya akina mama peke yao, na picha zilizoletwa zilikuwa za Kihindi, ndefu, zenye nyimbo nyingi na machozi mengi, wala hazikuwa na maandishi ya chini. Wanawake wa Kihindi walikaa juu roshanini wakilia kwa wakati wake. Wetu walikaa chini wakitazama watu wanavyochezesha midomo. Jumapili ya kwanza, katikati ya picha, mtu mmoja aliita kutoka nyuma: "Wewe mwanamke wa Nalasi, si ulikaa kwao? Wanasema nini hao?"

Mama alikuwa safu ya tatu. Aligeuka nusu, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, akaanza kusema. Hakunyamaza tena mpaka jumba lilipofungwa.

Nilikulia mapajani pake katika kiti kile. Tajiri akisema, mama alisemea kifuani. Mama mkwe akisema, alisemea puani. Yakifika mambo ya mapenzi alishusha sauti, na ukumbi mzima ukainama mbele kwa pamoja, kanga zikisugua viti. Nyimbo hakuzifasiri. Alisema tu, "Hapa wanaimba, tulieni," naye akapumzika, akanipa karanga. Upande wake wa kulia alikaa siku zote mwanamke mmoja mrefu wa Lizaboni, mkimya, rafiki yake mkubwa. Huyo hakuwa akiuliza kitu wala kutoa sauti kama wenzake, alisikiliza tu huku akimtazama mama kuliko alivyoitazama picha. Wanawake walitoka Namtumbo kuja kumsikiliza mama. Na hadithi zile zilirudi nao makwao, zikasimuliwa visimani na kwenye kupukuchua mahindi, hata mimi nilipokuja kuwa mwalimu nilikuta watoto darasani wanazijua sinema ambazo zilikoma kuonyeshwa kabla hawajazaliwa. Walizipata kwa bibi zao, na bibi zao walizipata kwa mama yangu.

Sasa mtu kama huyo anakataaje kwenda?

Jibu lilikuja siku msanifu alipotutembelea nyumbani. Alikuwa ameletewa picha na mjukuu mmoja wa yule mfanyabiashara, picha ndogo, nyeupe na nyeusi, iliyopigwa kutoka mbele ya ukumbi. Inaonyesha safu za wanawake, nyuso zote zimetazama upande mmoja, na upande huo kuna mwanamke kijana amegeuka nusu, mdomo wazi, mkono hewani.

"Shikamoo, bibi," msanifu alisema akaketi mkekani. "Nimekuletea kitu. Huyu si wewe?"

Mama aliishika ile picha karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha. "Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi," alisema.

Mimi nilijua anaona. Asubuhi ileile alikuwa amemwona kuku wa jirani akiingia mchichani kutoka mwisho wa uwanja.

Msanifu hakukata tamaa. Alieleza kwamba wamepata nakala ya filamu moja iliyokuwa ikipendwa sana hapa, ile ya mke wa mwashi anayemfuata mumewe, na kwamba hiyo ndiyo itakayofungua jumba, Jumapili mchana, kwa ajili ya akina mama kama zamani. "Na safari hii kila mtu ataelewa, bibi," alisema kwa furaha. "Tumemtafuta mtaalamu wa Kihindi, ametuwekea Kiswahili chini, neno kwa neno."

Mama aliirudisha picha. "Neno kwa neno," alisema. "Hongereni."

Mgeni alipoondoka, mama alichukua ungo akaanza kuchagua mchele, akauchagua muda mrefu kuliko ulivyostahili. Nilikaa karibu yake.

"Mama, una nini?"

"Unajua nilikuwa nasema nini nyumbani kwa yule tajiri?" aliuliza. "Lete maji. Mtoto amelala. Chumvi imezidi. Funga mlango. Basi. Hicho ndicho Kihindi changu."

Nilichota mchele kwa kiganja nikaanza kumsaidia kuchagua.

"Tena wala hakikuwa hicho," aliendelea. "Wale nyumbani walisema Kigujarati. Watu wa kwenye sinema wanasema Kihindi kingine kabisa. Nilitambua siku ya kwanza, nilipogeuka na watu wote wananitazama. Ningefanyaje? Ningesema sijui? Nilisikia 'maji,' nikasikia 'mama,' nyingine nikaitazama kwenye nyuso zao. Mtu akikasirika unamwona. Mtu akidanganya unamwona. Nikajaza."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile, mwanangu."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Aliweka ungo chini, akaniambia kilichomkaa moyoni. Ilikuwa habari ya filamu ileile ya mke wa mwashi. Ilipoletwa Songea, rafiki yake wa Lizaboni alikuwa amepata barua kutoka Tanga. Mumewe, aliyekwenda manamba katika mashamba ya mkonge, alikuwa amefia huko, amezikwa huko, na barua ilichukua muda mrefu kufika. Mwanamke yule alijifungia ndani. Mama alikwenda kumtoa, akamwambia, "Njoo ukae nami Jumapili, usishinde na kuta." Akamleta, akamkalisha kulia kwake. Na picha ikawa inahusu mwanamke anayemtafuta mume aliyekwenda kufanya kazi mbali.

"Nilipoona yule mwanamke anafika na mtoto wake getini kwenye jumba la tajiri," mama alisema, "na mlinzi anatazama chini, nilijua. Huhitaji Kihindi kujua. Mumewe amekufa. Yule mwanamke akakaa chini pale getini, mvua ikamnyeshea, akafa naye. Na huyu wangu ameketi hapa, namsikia anavyopumua. Nikasema: mlinzi anamwambia mume wako amehamishiwa kazi ng'ambo ya mto, anakuja kesho, mngoje. Na yule mwanamke amechoka safari, amelala."

"Na watu waliamini?"

"Mtu mmoja aliuliza mbona mtoto analia. Nikasema njaa."

Hapo nilicheka, naye akacheka kidogo, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini nilimdanganya rafiki yangu mchana kweupe, mbele ya ukumbi mzima. Na mpaka leo hajui. Jumapili wataandika pale chini amekufa, naye atakuwapo, na wenzetu wote waliobaki watakuwapo. Watasema, kumbe huyu mwanamke wa Nalasi alikuwa anatuchezea."

Mimi ni mwalimu wa historia. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto waandike lililotokea na wasiongeze. Nilimwambia tu kwamba asipotaka kwenda, hata mimi sitakwenda. Aliamka siku ya pili akafua kanga yake ya pekee, ile anayovaa kwa harusi na Idi, akaianika. Nilipomuuliza alisema, "Nitakwenda. Mtu akiaibika, heri aaibike akiwa ameketi kwenye kiti kizuri."

Jumapili ile jua lilikuwa limewaka vizuri baada ya wiki nzima ya ukungu. Tulipokaribia, mama alinishika mkono akasimama barabarani. Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe wa chokaa mpya, miale ya plasta imepakwa rangi ya manjano ya zamani, na milango yote miwili imefunguliwa hadi mwisho. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mtaro. Alisogea ukutani, akaweka kiganja.

"Chokaa ya kuloweka," alisema. "Haikwaruzi."

"Ni ya wazee wa Mfaranyaki," nilimwambia, na sauti yangu ilijaa kiburi kana kwamba niliichoma mimi.

Ndani alisimama tena. Sakafu inateremka taratibu kuelekea mbele. Dari ya mninga inang'aa rangi ya asali. Viti vimerudi katika safu zake, na ukitazama vizuri unaona vile vya kilabu cha komoni, maana migongo yake ina miviringo ya vikombe ambayo maseremala walikataa kuifuta. Mama alizitazama kuta mpaka juu. Nimemwona akiingia katika majumba yaliyojengwa na masultani na magavana, lakini sikuwahi kumwona amesimama wima kama alivyosimama pale.

Safu ya tatu ilikuwa imeachwa wazi kwa ajili ya wazee. Rafiki yake wa Lizaboni alikuwa ameshakaa, mrefu bado hata katika kuketi, mkongojo kati ya magoti. Kiti cha kushoto kwake alikuwa amekiwekea kitambaa ili mtu asikichukue.

"Umechelewa, mwenzangu," alisema.

"Miguu," mama alijibu, akaketi. Mimi nikakaa nyuma yao.

Taa zilizimwa, picha ikaanza. Mwashi anaagana na mkewe. Kweli, chini yalitokea maandishi ya Kiswahili, meupe, safi. Lakini baada ya dakika chache manung'uniko yakaanza katika safu za mbele. Wengi wa wale bibi hawakusoma shule, na waliosoma macho yamekwisha. Herufi zinapita mbio kama siafu. Mtu akasema, "Hizo zinasema nini?" Mwingine akasema, "Zamani tulikuwa tunaelewa." Kisha ikatoka sauti kutoka nyuma kabisa, nyembamba, ya kizee: "Kwani yule mkalimani wetu alikufa?"

"Yupo hapa!" mtu alijibu. "Safu ya tatu!"

Niliona mabega ya mama yakikaza.

"Sema," rafiki yake alimwambia.

"Wameandika pale chini. Kila kitu."

"Mimi herufi sizioni. Sema."

Mama alikaza kanga yake begani. Halafu akageuka nusu, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, na nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na meno ya maziwa. Ilikuwa imekwaruza kidogo, lakini ilifika ukutani. "Anamwambia mkewe, usilie, nakwenda kujenga jumba kubwa, nikirudi nitakujengea na sisi letu dogo." Nilitazama maandishi. Yalisema kitu kingine, kifupi, kikavu. Nikaona wasichana wa chuo waliokuwa kando yangu wanaacha kusoma, wanageuza shingo kuelekea safu ya tatu.

Alikwenda hivyo zaidi ya saa moja. Tajiri alisemea kifuani. Ukumbi uliinama ulipotakiwa kuinama. Kisha mwanamke wa kwenye picha akafika getini, amembeba mtoto, na mlinzi akatazama chini, na mama akanyamaza.

Chini ya picha paliandikwa: *Mume wako alianguka ukutani. Tulimzika mtoni.*

Waliosoma walishusha pumzi. Waliokuwa hawasomi waliwasikia, wakaanza kuulizana. Mama alimgeukia rafiki yake. Hakusema kwa siri. Nadhani aliamua kwamba jambo lililofanywa mbele ya watu litubiwe mbele ya watu.

"Dada," alisema, "siku ile nilikudanganya. Yule mume alikuwa amekufa. Nilikwambia anarudi kesho. Kihindi chenyewe sikukijua. Nisamehe."

Yule bibi hakumtazama. Aliendelea kutazama mbele, ambako mvua ilikuwa imeanza kunyesha getini.

"Baba yangu alikuwa mpishi wa Makalasinga waliotengeneza barabara," alisema. "Nililala na kuamka kambini kwao mpaka nilipovunja ungo. Huko walisema hata Kihindi hiki cha sinema, nakijua kabla yako. Nilimsikia yule mlinzi neno kwa neno."

"Ulijua?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, nawe ulikuwa unaongea nami?" Aligonga mkongojo sakafuni mara moja. "Barua ya Tanga alinisomea mtu mwingine, akaisoma ikaisha, akaikunja. Hakuna aliyeniambia neno la kulalia ila wewe. Siku ile nilikwenda nyumbani nikalala. Sasa maliza, watu wanangoja. Na umalize kama ulivyomaliza."

Picha ilikuwa imeshafika kwa mtoto anayelia. Mama alijifuta uso kwa kiganja, akajigeuza tena kwa watu, na safari hii sauti ilitoka bila mkwaruzo. "Mlinzi anamwambia, mume wako yuko ng'ambo ya mto. Amepewa kazi nyingine. Kesho anakuja. Na huyu mwanamke, jamani, ametembea siku nyingi, amechoka. Amelala. Msipige kelele."

Hakuna aliyepiga kelele. Ukumbi mzima, wenye kusoma na wasiosoma, walimtazama mwanamke aliyelala mvuani kana kwamba wangemwamsha. Halafu kutoka upande wa kushoto bibi mmoja akauliza, na nakuapia sikumtuma mtu: "Sasa mtoto analia nini?"

"Njaa!" walijibu vikongwe wa safu nne nzima, kwa pamoja, kisha vikaja vicheko, vikaja na vilio, na mimi nililia na kucheka kuliko wote.

Nimesimama mbele ya madarasa nikaeleza ushujaa wa watu wengi. Nimewapeleka wanafunzi kwenye makumbusho wakasoma majina. Siku ile, taa zilipowashwa na watu wakasimama wakimpigia makofi mwanamke wa Nalasi aliyekuwa akitafuta kiatu chake chini ya kiti, nilitamani kila mwanafunzi niliyewahi kumfundisha awepo nimwonyeshe kwa kidole: yule ni mama yangu. Nilimwonyesha msichana wa chuo aliyekuwa kando yangu, maana ndiye aliyekuwapo. "Najua," alinijibu. "Bibi yangu wa Mbesa hutuhadithia hii. Katika hadithi yake yule mwanamke alilala tu."

Nje kulikuwa na chai na maandazi. Msanifu alikuja na ile picha ndogo mkononi, macho mekundu. Alisema maelezo yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa, *Wanawake wakitazama filamu*, nami nikaona haya, maana ni mimi niliyeyaandika. Alimwomba mama aseme mwenyewe yaandikweje.

Mama aliitazama, na safari hii macho yaliona bila shida. "Huyu hapa ni huyu," alisema akimgusa kwa kidole mwanamke mrefu wa safu ya tatu, kisha akamvuta rafiki yake karibu amwonyeshe. Walisogeza vichwa pamoja wakaanza kuwatambua wengine, mmoja mmoja: huyu alikuwa mkunga, huyu alihamia Mbinga, huyu kanga ile aliiazima kwangu. Msanifu alitoa kalamu akaandika kila walichosema, na karatasi ilipojaa aliendelea kwenye kiganja chake. Maelezo yaliyotundikwa leo yana mistari mingi kuliko picha yoyote nyingine mle ndani, na hakuna hata mmoja niliouandika mimi.

Jumba sasa linaonyesha filamu ya zamani kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchana. Mama huenda na rafiki yake wa Lizaboni, wakishikana mikono, na ikitokea filamu ambayo mama hajawahi kuiona, mwenzake humnong'oneza kinachosemwa kwa kweli, naye mama hukifikiria kidogo kabla ya kukipitisha kwa watu. Wageni kutoka Dar es Salaam wamekuja kupiga picha dari na miale ya plasta. Mimi huwaacha wapige, kisha huwaambia wabaki wasikilize.

Mwezi uliopita alikuwapo bwana mmoja mwenye miwani, mwajiriwa mpya wa benki hapa mjini, aliyekaa safu ya nne na mkewe. Katikati ya picha aliinama mbele kwa adabu. "Bibi, samahani," alisema. "Pale chini wameandika kwamba wameachana."

Mama hakugeuka. "Aliyeandika alikuwa na haraka ya kwenda kwake," alimjibu. "Ngoja, baba. Wewe una haraka gani?"